Gari jipya limegeuka kimeo: limelala karakana mara tano ndani ya miezi saba. Naweza kulirudisha?

#1 BintiKilosa
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho.

Mwezi wa pili nilinunua pikapu mpya kabisa, kilomita zikisoma 11, kwa wakala rasmi hapa Dar. Jina la shoroom silitaji, wala la kampuni iliyotengeneza gari. Nataka haki yangu, sitaki kesi ya kuchafua jina la mtu. Nusu ya hela ni akiba yangu ya miaka sita, nusu ni mkopo wa benki. Kazi yangu ni kusambaza vifaranga na dawa za mifugo, Dar hadi Morogoro na Kilosa.

Kilomita 2,100 hivi ndipo mambo yalipoanza. Unapanda mwinuko, taa ya injini inawaka, gari linakosa nguvu, ukanyage mafuta usikanyage halivuki 60. Ukilizima ukaliacha dakika kumi linawaka vizuri kama halikuwa na neno. Nikalipeleka. Mara ya kwanza walifuta kosa kwenye kompyuta. Mara ya pili wakabadilisha sensa. Mara ya tatu wakasema chujio la moshi limeziba, wakalisafisha. Mara ya nne wakaweka programu mpya. Mara ya tano likakaa kwao siku 19, nikaambiwa ni waya. Nimejumlisha siku zote lilizolala pale: 47.

Wiki iliyopita limenigomea tena, Mikese, saa saba mchana, nyuma nina vifaranga 1,200. Mpaka napata gari la kunivuta, waliobaki hai hawakufika mia tatu. Nilikaa chini ya mwembe nikafungua boksi moja moja, nikalia.

Shoroom wanasema, "Dada, lipo ndani ya waranti ya miaka mitatu, lilete tutarekebisha." Hii ya "tutarekebisha" ina mwisho? Kuna sheria inayosema sasa basi, nipeni gari lingine au hela yangu? Rejesho la benki nalipa kila tarehe 5, gari liwe barabarani au liwe karakana.

#2 FundiMchikichini
Pole sana dada. Kabla ya sheria, tuulizane mafuta. Unajaza wapi? Pikapu za dizeli za siku hizi zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Afrika Mashariki tulishusha salfa ya dizeli hadi 50 ppm (sehemu 50 kwa kila milioni) mwaka 2015. Ulaya wao wapo kwenye 10 ppm tangu 2009. Sasa gari limetengenezewa mafuta ya kule, linakunywa ya huku, na ukikutana na kituo kilichochakachua ndiyo kabisa. Chujio linaziba, kompyuta inapunguza nguvu ili kulinda injini. Dalili zako ni hizo hizo.

#3 MzeeWaYadi
Mimi nitasema ukweli mchungu. Kwa hela hiyo ungepata Wajapani wawili wa mtumba na chenji ya spea. Gari la mtumba limeshakaguliwa na barabara miaka saba.

#4 ShangaziTabata
MzeeWaYadi, mtu amepoteza vifaranga mia tisa, wewe unauza magari kwenye msiba. Mpishe kwanza.

Dada yangu, pole. Hebu tusubiri wanasheria.

#5 BintiKilosa
Asante shangazi. Fundi, najaza vituo viwili tu, Kimara na Msamvu, na risiti za mashine ninazo zote maana natunza hesabu za biashara. Walipima mafuta mara ya tatu, hawakuniambia kama yalikuwa mabaya.

#6 WakiliBomani
Habari wadau. Nitaeleza ya Tanzania Bara.

Sheria yenye jina la "gari jipya bovu" hatuna. Tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotoholewa kutoka ile ya Waingereza ya 1893. Humo kifungu cha 16 kinaweka sharti hata kama mkataba haukulitaja: ukinunua kwa muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, mali lazima iwe na ubora wa kuuzika. Kama uliikagua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ungeionyesha. Hii yako ilijificha hadi kilomita 2,100, kwa hiyo hawawezi kukwambia mbona hukuona.

Sasa sikiliza tofauti hii, ndiyo roho ya jambo. Mwanasheria anatenganisha *sharti* na *dhamana*. Sharti likivunjwa, unaikataa mali na kudai hela yako yote. Dhamana ikivunjwa, mali inabaki yako, unadai fidia tu. Ubora wa kuuzika ni sharti. Ile karatasi ya waranti ya miaka mitatu uliyopewa ni ahadi ya ziada ya mtengenezaji. Haifuti sharti la sheria. Shoroom wanakurudisha kwenye karatasi yao kila siku kwa sababu humo neno ni moja tu: kurekebisha.

#7 WaGrogan
Wakili amenena. Huku Kenya ni karibu sawa, Sura ya 31, na pia kifungu cha 16. Juu yake tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinachosema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Haki za ile sheria ya 2012 haziondolewi kwa kukutilisha sahihi fomu. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya unaenda Mahakama ya Madai Madogo, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60.

#8 Mwanafunzi_Mzumbe
Samahani wakili, nina swali. Kifungu hicho hicho si kina kinga kwa muuzaji pale mnunuzi alipotaja bidhaa kwa jina lake la biashara? Dada alienda akataja modeli anayoitaka, haikuwa "nipeni gari la kubebea vifaranga".

#9 WakiliBomani
Umesoma vizuri mdogo wangu, lakini kinga hiyo inagusa tawi moja tu, la bidhaa kufaa kusudi maalumu ulilomwambia muuzaji. Tawi la ubora wa kuuzika halisikii habari ya jina la biashara. Pikapu inayokosa nguvu kila mwinuko haifai kubeba vifaranga wala kubeba hewa.

#10 MbebaBoksi_Houston
Nawasalimu kutoka Texas. Huku hilo la "ina mwisho?" lilishajibiwa kwa namba, na namba ndizo zinazomsaidia mnyonge. Jimbo la Connecticut lilianza 1982, sasa majimbo yote yana sheria hizi, wanaziita sheria za limau. Texas vipimo ni vitatu. Kasoro ile ile wamejaribu kuirekebisha mara nne wakashindwa. Au ni kasoro ya kuhatarisha maisha, wamejaribu mara mbili. Au gari limekaa karakana jumla ya siku 30 katika miezi 24 au maili 24,000 za mwanzo. Mambo ya muda yana kanuni zake ndogo ndogo, ila mfupa ni huo. Unapeleka malalamiko idara ya magari ya jimbo, ada dola 35, wakili si lazima.

Rafiki yangu, Mkenya, tunafanya zamu moja ghalani, gari lake jipya lilikuwa linatetemeka usukani kwenye barabara kuu. Mara ya nne likashindikana. Alipofungua malalamiko, kampuni ikanunua gari lake kabla hata siku ya kusikilizwa. Walimkata kiasi kwa maili alizotumia, akaridhika.

BintiKilosa, wewe una mara tano na siku 47. Huku ungekuwa umeshavuka mistari miwili.

#11 Kisiki
Limau? Huku kwetu limau tunakamulia kwenye supu ya pweza. Gari bovu ni KIMEO.

#12 MwalimuMstaafu
Kisiki kijana wangu, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Zamani mtoto akikohoa sana walisema kimeo kimerefuka, wakakikata. Watu wa mjini ndio mmekihamishia kwenye magari.

#13 Kisiki
Shikamoo mwalimu. Ndiyo hivyo hivyo, kitu kinachokukaba kooni hela zikishatoka.

#14 MbebaBoksi_Houston
Marahaba kwa niaba ya mwalimu, hehe. Limau lilitokana na tangazo la Volkswagen la 1960, picha ya gari na neno moja tu chini yake, "Lemon". Walikuwa wanajisifu kwamba wakaguzi wao wamelikataa gari hilo kwa kasoro ndogo.

#15 Mchumi_Iringa
Hapana mkuu, tangazo lilitumia neno ambalo watu tayari walikuwa nalo, la sivyo nani angelielewa? Lilikuwepo mitaani Marekani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyelifikisha vyuoni ni George Akerlof kwa andiko lake la 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari ni bovu, mnunuzi hajui, basi mnunuzi anashusha bei kwa magari yote, na mwenye gari zuri anaondoka sokoni. Alipata Nobel 2001. Na hapo ndipo ninapoona jibu la kwa nini sisi hatuna sheria ya namba: magari mengi yanayoingia nchini ni ya mtumba. Wanunuzi wa magari mapya ni wachache, serikali yenyewe, mashirika, makampuni makubwa. Wenye nguvu ya kupiga kelele bungeni wana mikataba yao ya huduma. Anayebaki ni mtu kama BintiKilosa.

#16 Mwanafunzi_Mzumbe
Mchumi, sikubaliani. Kenya nao wanaagiza mtumba kwa wingi na wametunga sheria ya walaji 2012. Tatizo ni kwamba watu hawafungui kesi, kwa hiyo mahakama hazipati nafasi ya kusema ule "muda wa kutosha" anaopewa mnunuzi kukataa mali ni siku ngapi.

#17 WakiliBomani
Mwanafunzi amegusa kidonda. Sheria yetu inasema haki ya kukataa mali inakoma ukishaipokea, kwa maana ya kuikubali iwe yako, na unahesabiwa umeipokea ukikaa nayo *muda wa kutosha* bila kumwambia muuzaji umeikataa. Haisemi siku ngapi.

Kuna kesi ya Uingereza ya 1987, Bernstein dhidi ya Pamson Motors, iliyoamuliwa kwa maneno ya sheria yanayofanana na yetu. Mtu alinunua Nissan Laurel mpya. Wiki tatu baadaye, maili 140 tu, injini ikakwama barabarani. Kulikuwa na tone la gundi kwenye njia ya oili tangu kiwandani. Jaji akasema ndiyo, gari halikuwa na ubora wa kuuzika. Halafu akasema wiki tatu zilitosha kulijaribu, umeshalipokea, chukua fidia, gari ni lako.

Maamuzi ya Uingereza kwa mahakama zetu ni ya kushawishi tu, hayafungi. Lakini wakili wa shoroom ataisoma hiyo kwanza kabla ya kunywa chai.

#18 BintiKilosa
Wiki tatu? Mimi nina miezi saba na kilomita 17,800. Kwa hiyo kwa kuwavumilia warekebishe ndiyo nimejinyima haki?

#19 ShangaziTabata
Hii inaniuma. Mtu akiwa mstaarabu anaadhibiwa kwa ustaarabu.

#20 WakiliBomani
Usikate tamaa dada. Mwaka huo huo 1987 Mahakama ya Rufaa kule iliamua Rogers dhidi ya Parish, Range Rover mpya yenye kasoro za injini na giaboksi iliyozungushwa karakana miezi sita, imetembea zaidi ya maili 5,000. Mnunuzi alishinda. Mahakama ikasema anayenunua gari jipya la thamani ile hanunui tu kitu cha kumfikisha mahali, ananunua pia utulivu na fahari ya kulimiliki, na kuwepo kwa waranti hakumpunguzii haki. Ndiyo maana nasema barua yako ya kukataa gari ingetakiwa kwenda jana.

#21 Karani_Leicester
Naongezea ya Uingereza, maana hizo kesi ni za zamani na wenyewe wameshazihama. Mwaka 1994 walibadilisha maneno, wakasema wazi kwamba kukubali gari lirekebishwe peke yake hakumaanishi umelipokea. Halafu Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 ikaweka namba: siku 30 za kulikataa na kurudishiwa hela yote. Zikipita, muuzaji ana nafasi MOJA ya kurekebisha. Ikishindikana, unalikataa au unapunguziwa bei. Na kasoro ikitokea ndani ya miezi sita, inahesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo.

Lakini dada, nisikudanganye. Sheria hiyo inamlinda mtu anayenunua kwa matumizi yake binafsi zaidi. Wewe wa vifaranga ungewekwa nje.

#22 Msambaa_Joburg
Hapa Afrika Kusini angeingia. Sheria ya 68 ya 2008 inamlinda hata mfanyabiashara mdogo, kampuni nazo mradi hazijafika randi milioni mbili. Kifungu cha 56, miezi sita, unachagua mwenyewe: warekebishe, wabadilishe, au warudishe hela. Wakirekebisha na kasoro ikarudi ndani ya miezi mitatu, hawana tena hiari ya kukwambia lete tulirekebishe.

Nimetumia mwenyewe kifungu hicho, kwa friji lakini, siyo gari. Meneja alikuwa mkali mpaka nilipotaja namba ya kifungu.

#23 Kisiki
Na Tume ya Ushindani, FCC, si ipo kwa ajili ya mlaji? Apeleke huko, bure, kuliko kulipa wakili.

#24 Mwanafunzi_Mzumbe
Kisiki, umesema jambo. Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzima ya masharti yanayoingia kwenye mikataba ya walaji, na nyingine ya wajibu wa mtengenezaji. Tatizo ni tafsiri ya mlaji. Anayenunua ili auze tena hayumo, na anayenunua kitu cha kutumia kuzalisha bidhaa za kuuza naye hayumo.

#25 WaGrogan
Lakini hakununua pikapu ili kuiuza. Na hazalishi vifaranga, anavisafirisha. Kuku ndiye mzalishaji.

#26 Mwanafunzi_Mzumbe
Upande wa pili watasema usafirishaji ni sehemu ya uzalishaji.

#27 WakiliBomani
Hapo mnaweza kubishana hadi alfajiri, nimeona mawakili wazoefu wakibishana. Ndiyo maana mimi napenda Sura ya 214, haiulizi kama wewe ni mlaji au mfanyabiashara. Inauliza nani aliuza na nini kiliuzwa. FCC aende pia, barua hazigombani.

#28 FundiMchikichini
Nimerudi. Nimefikiria hiyo ya Msamvu na Kimara. Nakubali, chujio peke yake halitoshi kuelezea, kwa sababu dada anapiga safari ndefu na barabara ndefu ndiyo inayolichoma lile chujio likajisafisha. Anayeteseka na chujio ni wa mjini, foleni asubuhi na jioni.

Swali jingine dada. Benki ilikufungia kifaa cha kufuatilia gari? Nani alikifunga, lini?

#29 BintiKilosa
Ndiyo, ilikuwa sharti la mkopo. Wiki ya kwanza tu, kijana aliyetumwa na kampuni ya hivyo vifaa. Alifungua chini ya usukani, dakika 40 akamaliza.

#30 FundiMchikichini
Sasa tumekaribia. Vijana wengi wanakata waya na kuunganisha kwa tepu. Gari la kisasa moduli zote, yaani vikompyuta vyake, zinaongea kwenye waya mbili, ukizigusa vibaya injini inapata habari za uongo. Nimefungua magari matatu mwaka huu yenye tatizo hilo. Na mara ya tano wao wenyewe walisema "waya".

#31 Dereva_Makambako
Fundi, taratibu, unampa muuzaji silaha. Akisema waya ulikatwa na mtu wa nje, waranti imekufa.

Yalinikuta. Basi dogo jipya, nililipeleka gereji ya mtaani mara moja tu, kubadilisha oili, maana karakana ya wakala ilikuwa mbali kilomita mia tatu. Turbo ilipokufa wakaniambia umefungua mwenyewe. Nililipa turbo. Sikuwa na karatasi hata moja ya kunitetea. Hadi leo nikipita lile geti nageuza uso.

#32 WakiliBomani
Makambako, pole. Kwa dada lakini kuna tofauti. Wakisema ni waya wa kifaa, wataulizwa kwa nini mara nne za kwanza walitibu sensa, chujio na programu bila kuuona. Ama hawajui ugonjwa, ama wanauchagua kulingana na anayelipa.

#33 FundiMchikichini
Mimi natafuta ugonjwa wa gari, sitafuti mshindi. Kama ni waya, ni waya.

#34 Mpemba_wa_Muttrah
Assalaam aleikum. Mimi nipo Maskati. Hapa kuna Mamlaka ya Kulinda Watumiaji, na sheria yake ni ya 2014, wanatangaza magari yanayorudishwa kiwandani, namba za chesisi unaziangalia. Gari la kaka yangu liliitwa kwa ajili ya mifuko ya hewa ya Takata, wakambadilishia bila kulipa hata baisa.

Nnaloona mimi, muangalie kwanza gari hilo liliingiaje. Yapo magari mapya kabisa yanayochukuliwa Ghuba, yanauzwa Bara na Unguja, lakini waranti yake imeandikwa kwa nchi za Ghuba. Halafu na joto la huku na vumbi la huko, zana zenyewe hazifanani. Na ndugu zangu wa Zanzibar mkumbuke FCC ya Bara haiko kwetu, Unguja ina tume yake na sheria yake ya 2018.

#35 MbebaBoksi_Houston
Waaleikum salaam. Tusichanganye lakini. Kuitwa kiwandani ni kasoro ya modeli nzima. Limau ni gari lako wewe, la jirani yako la aina ile ile linatembea vizuri.

#36 BintiKilosa
La kwangu lina stakabadhi ya wakala rasmi, na waranti imeandikwa Tanzania. Hilo nimehakiki usiku huu.

Na mkopo je? Naweza kuiambia benki isimame hadi hili liishe?

#37 Afisa_Mikopo_mst
Nilifanya benki miaka 14. Usisimamishe rejesho, hata siku moja. Benki ilikukopesha hela, haikukuuzia gari, mikataba ni miwili. Ukiacha kulipa utakuwa na kesi mbili, na kwenye hiyo ya pili wewe ndiye mwenye makosa. Ila waandikie, uwape taarifa kwamba gari waliloshika kama dhamana ya mkopo lina mgogoro. Benki nayo haipendi kushika gari lisilopanda kilima.

#38 BodaMbagala
Wakuu naingilia kidogo. Mimi nina pikipiki mpya, nimeikuta kwenye boksi, wiki mbili clachi imeisha. Muuzaji anasema clachi haina waranti. Sheria hiyo ya 214 inaniona na mimi?

#39 WakiliBomani
Inakuona sawasawa, haikuandikwa kwa ajili ya magari, ni bidhaa yoyote. Clachi ni kitu cha kulika, watasema umeiendesha vibaya. Wiki mbili lakini ni chache mno. Andika barua leo, usisubiri ya tatu. Na usiondoe clachi ya zamani ukaitupa.

#40 MzeeWaYadi
Shangazi alinisema pale #4 na alikuwa na haki. BintiKilosa, nisamehe. Nina gari la kubebea mizigo limekaa tu hadi mwisho wa mwezi, kama una oda za vifaranga wiki hii nitumie ujumbe, utaweka mafuta tu.

#41 ShangaziTabata
Sasa hapo umesema.

#42 BintiKilosa
Mzee wangu asante sana, nimekutumia ujumbe. Nina oda ya Alhamisi.

Leo nimeenda shoroom kuchukua nakala za jobu kadi zote tano, kama wakili alivyonishauri kwa ujumbe. Wamenipa. Nimezisoma nikiwa kwenye daladala nikakosa nguvu. Mara ya kwanza na ya pili wameandika "sevisi ya kawaida". Hakuna neno hata moja la gari kukosa nguvu. Kwa karatasi zao, nimelalamika mara tatu tu, na ya kwanza ni mwezi wa sita.

#43 Dereva_Makambako
Ndicho nilichokuwa naogopa.

#44 MbebaBoksi_Houston
Hata huku hesabu ya mara nne inasimama kwenye karatasi za karakana. Watu wanafundishwa usiondoke bila kusoma walichoandika. Dada, ulikuwa unawasiliana nao vipi? Simu tu?

#45 BintiKilosa
Simu na WhatsApp. Mshauri wa huduma nilimtumia picha ya dashibodi siku ile ya kwanza kabisa, tarehe 6 Machi. Ngoja nitafute.

#46 WakiliBomani
Tafuta sasa hivi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kupokelewa mahakamani, ila ni vizuri simu yenyewe iwepo na uweze kueleza ulitoka wapi. Usifute chochote, usibadilishe simu, usimpe mtu akutengenezee.

#47 BintiKilosa
Ipo. Picha inaonyesha taa ya injini imewaka, kilomita 2,143. Chini nimeandika, "Kaka gari linakosa nguvu, nipo Mlandizi." Amejibu saa nne na dakika kumi, "Pole dada, lilete kesho tuliangalie."

#48 WakiliBomani
Hiyo ndiyo mara ya kwanza yako. Barua ya kukataa gari ianze na tarehe hiyo, utaje mara zote tano kwa tarehe na kilomita, useme unalikataa na unadai bei yote, na kama mbadala unadai fidia pamoja na vifaranga. Wape siku 14. Ukiipeleka wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

#49 FundiMchikichini
Na kabla hujawakabidhi gari, lipite kwangu niangalie ile tepu chini ya usukani, nipige picha tu. Sigusi kitu. Sitaki hela.

#50 BintiKilosa
Nakuja Jumatano asubuhi fundi. Wakili, nikilipeleka na barua, funguo niwaachie au nibaki nazo?